Urithi na Mila katika Sanaa na Muziki wa Nigeria ya Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye ameuzoea muziki wa Nigeria harusini, garini na redioni, na pengine ameona picha za vichwa vya shaba vya Benin, ufalme wa kale ulio ndani ya Nigeria, lakini bado anajiuliza mambo hayo mawili yanahusianaje. Msimamo wetu unafaa kuwekwa wazi tangu mwanzo. Urithi wa Nigeria unaishi mikononi mwa watu: koo za wapiga ngoma, mtaa wa wasubu shaba, wanawake wachoraji, wafinyanzi na watia nili. Kazi za kisasa zenye uzito ni zile ambazo waundaji wake walikwenda kwa watu hao, wakaketi, wakajifunza.

Tunaposema urithi wa Nigeria, tunazungumzia urithi wa nani?

Nigeria ina lugha zaidi ya 500, na mipaka yake iliwekwa mwaka 1914, Waingereza walipounganisha maeneo yao ya kaskazini na kusini kuwa koloni moja. Kwa hiyo hakuna mila moja ambayo raia wote wanaweza kuiita yao kwa kiwango kilekile. Mchoraji wa Nsukka hurithi kwanza michoro ya Waigbo, mpiga ngoma wa Oyo hurithi ngoma za Wayoruba, msubu shaba wa Jiji la Benin hurithi kazi ya Waedo, na mwimbaji wa Katsina hurithi nyimbo za sifa za Wahausa.

Ukale wa urithi huo nao una maana yake. Sanamu za udongo wa kuchoma za Nok, zilizoanza kuonekana mwaka 1928 katika machimbo ya bati, nyingi zina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Vyombo vya shaba vya Igbo-Ukwu ni vya karne ya 9 hivi, na vichwa mashuhuri vya Ife vilitengenezwa kati ya karne ya 12 na ya 15. Mjerumani Leo Frobenius alipoiona sanaa ya Ife mwaka 1910, alishindwa kukubali kwamba ni kazi ya mababu wa watu waliokuwa mbele yake, akaihusisha na Wagiriki na kisiwa cha ngano cha Atlantis. Wasanii wa kizazi cha uhuru walikua wakizijua dharau za namna hiyo, na sehemu ya ari yao ilitoka humo.

Je, sanaa ya kisasa ya Nigeria ilianza kwa kuiga Ulaya?

Ilianza kwa kujibizana na Ulaya. Aina Onabolu (1882–1963) alichora picha za watu wa Lagos kwa rangi za mafuta, kwa mtindo uleule wa vyuo vya Uingereza, wakati ambapo wakoloni wengi walidai kwamba Mwafrika hana uwezo huo. Wengine humwona kama mwigaji. Sisi tunaona kwamba kwa wakati wake huko kulikuwa kudai heshima, na bila juhudi zake somo la sanaa lisingeingia shuleni mapema kama lilivyoingia. Baadaye mwalimu Mwingereza, Kenneth Murray, aliwahimiza wanafunzi wake watazame ufundi wa kwao, na mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Ben Enwonwu (1917–1994), mtoto wa mchongaji wa Onitsha. Sanamu yake ya Anyanwu, iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Lagos, inaonyesha mwanamke mwembamba akiinuka kama anayechomoza kutoka ardhini. Jina lake ni la jua katika Kiigbo, na mapambo ya kichwa chake yametoka katika sanaa ya Benin.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa Zaria. Mwaka 1958 wanafunzi wa sanaa katika chuo cha mji huo waliunda chama chao, kwa sababu mtaala waliofundishwa ulitoka Uingereza na walimu wao karibu wote walikuwa Wazungu. Miongoni mwao walikuwa Uche Okeke, Demas Nwoko, Bruce Onobrakpeya, Yusuf Grillo na Simon Okeke. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, Uche Okeke aliandika ilani iliyotaka msanii achukue ya nyumbani na ya ugenini, ayapime yote mawili kwa akili yake mwenyewe na kuyaunganisha pale tu yanapokubaliana. Ilani hiyo haikutaka mbinu za kigeni zitupwe, wala haikuruhusu za jadi zinakiliwe bila kufikiriwa. Matunda yake yalitofautiana sana, na huo ndio uthibitisho kwamba ilifanya kazi: Onobrakpeya alibuni njia zake za kuchapa picha akizijaza visa vya Waurhobo, Grillo alichora watu warefu katika buluu inayokumbusha nili ya vitambaa vya Wayoruba, na Nwoko aligeukia ujenzi, ambapo kazi yake ilimpatia tuzo ya heshima ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya usanifu majengo ya Venice mwaka 2023.

Uli ni nini, na kwa nini hutajwa kila mara katika habari za wachoraji wa Nsukka?

Uli ni michoro ambayo wanawake wa Kiigbo waliichora mwilini na ukutani. Kwa mwili walitumia maji ya matunda ya mmea fulani, ambayo hukolea kwenye ngozi na kuwa meusi, kisha hufifia baada ya siku kadhaa. Kwa kuta za nyumba na za mahali pa ibada walitumia udongo wa rangi mbalimbali, nao ulisombwa na mvua, hivyo kazi ikaanza upya msimu uliofuata. Mistari yake ni michache na myembamba. Mzingo wa nyoka, mwezi na kokwa ya kola huonyeshwa kwa miguso miwili mitatu, na sehemu kubwa ya uso huachwa wazi kwa makusudi, kwa kuwa uwazi nao ni sehemu ya mchoro.

Uche Okeke alijifunza uli kutoka kwa mama yake mzazi, ambaye alikuwa mchoraji wa uli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Biafra kumalizika, alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria kilichopo Nsukka, na kwa namna fulani darasa la mama yake likahamia chuoni. Wanafunzi walitumwa vijijini kutazama, kuuliza na kunakili. Obiora Udechukwu aliichukua mistari ile akachora nayo wakimbizi wa vita, omba omba na watawala walafi kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe. Anayeitazama michoro hiyo huona kwamba ukimya wa uli umeweza kubeba msiba ambao rangi nyingi zingeufunika.

Hapo Nsukka ndipo alipofika pia El Anatsui mwaka 1975, akitokea Ghana. Kumweka katika habari za Nigeria kunahitaji uangalifu, kwa sababu urithi wake wa kwanza ni wa Waewe na nguo zao za kente. Hata hivyo, ni kati ya walimu na wanafunzi wa Nsukka ndiko alikojenga kazi yake kwa miongo mingi, akianza na mbao na udongo kabla ya kufikia mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa za pombe, vilivyobanjwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Mwaka 2015 alipewa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake yote. Pombe ni miongoni mwa bidhaa zilizoletwa na Wazungu katika pwani ya Afrika Magharibi kubadilishana na watu, kwa hiyo mapazia yale yana historia chungu ndani ya uzuri wake.

Osogbo ilikuwa tofauti na Zaria kwa namna gani?

Zaria ilikuwa chuo, ilhali Osogbo ulikuwa mji wa mungu wa kike Osun, wenye msitu wake mtakatifu kando ya mto. Mwaka 1962 mwigizaji na mtunzi Duro Ladipo alifungua hapo jumba la sanaa lililoitwa Mbari Mbayo, na katika warsha zilizofanyika hapo vijana ambao hawakuwa wamesomea sanaa popote walipewa rangi na nafasi. Twins Seven Seven, aliyejitwalia jina hilo kwa sababu alikuwa pekee aliyebaki hai kati ya jozi saba za mapacha wa mama yake, alichora mizimu ya misituni kwa wino uliojaa kila pembe ya ubao. Jimoh Buraimoh aliingiza ushanga katika picha zake, akikumbuka mataji ya wafalme wa Kiyoruba. Nike Davies-Okundaye alianzia kwenye adire, kitambaa kinachotiwa nili, na leo jumba lake la sanaa lililopo Lekki, Lagos, ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini.

Katika msitu wenyewe, Susanne Wenger, mzaliwa wa Austria aliyeingia katika ukuhani wa dini ya Kiyoruba na kuitwa Adunni Olorisha, alishirikiana kwa miaka mingi na waashi na wachongaji wa mji kujenga sanamu na malango mapya. Msitu huo uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005. Wapo wanaolalamika kwamba wageni wa Ulaya walikuwa na sauti kubwa mno pale Osogbo, na lalamiko hilo lina haki yake. Lakini lisitumike kuwafuta mafundi Wayoruba ambao mikono yao ndiyo iliyojenga, wala waumini ambao waliuomba msitu ule ulindwe usikatwe.

Mafundi wa shaba wa Benin bado wapo, au kazi zao zimebaki makumbusho tu?

Wapo, na mtaa wao unaitwa Igun, katikati ya Jiji la Benin, jimbo la Edo. Kwa karne nyingi chama cha wasubu shaba kilifanya kazi kwa amri ya Oba, mfalme wa Benin, na uanachama ulirithiwa kwa ukoo. Fundi huumba umbo la udongo, huligandika nta ya nyuki na kuichonga kwa makini kila ushanga na kila mkunjo wa nguo, kisha huifunika nta hiyo kwa udongo mwingine. Kalibu likichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyushwa humiminwa katika nafasi iliyoachwa. Kalibu huvunjwa kila mara, kwa hiyo hakuna vipande viwili vinavyofanana kabisa. Zamani shaba nyingi ilitokana na vikuku vya biashara vilivyoletwa na Wareno. Siku hizi mafundi huyeyusha vyuma chakavu vya shaba, zikiwemo koki za maji na vipuri vya magari.

Mwezi wa Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuvamia mji, likaliteketeza kasri, likampeleka Oba Ovonramwen uhamishoni Calabar, na kuchukua maelfu ya vitu vya shaba na pembe za ndovu ambavyo vilisambazwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wakati wa tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, lililofanyika Lagos mwaka 1977, Nigeria iliomba kuazima kinyago cha pembe cha Malkia Idia, mama wa Oba Esigie, kilichokuwa nembo ya tamasha lenyewe. Makumbusho ya Uingereza yalikataa. Mchongaji wa Benin alichonga kingine, na uso wa Idia ukaenea katika mabango, vitambaa na stempu hadi ukawa sura ya bara zima. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa ufundi ulio hai kujibu wizi wa kale.

Urejeshaji umeanza. Ujerumani ilihamishia Nigeria umiliki wa vitu zaidi ya 1,000 mwaka 2022 na kukabidhi baadhi yake mwezi Desemba mwaka huo, na Uholanzi ilirudisha 119 mwaka 2025. Suala la nani avitunze limezua mvutano kati ya kasri la Oba, ambalo serikali ya shirikisho ililitambua kuwa mmiliki mwaka 2023, na wale waliojenga makumbusho mapya jijini humo. Katikati ya mabishano hayo ni rahisi kuwasahau watu wa Igun, ambao ndio wanaoweza kueleza kwa vitendo vitu hivyo vilitengenezwaje. Msanii Victor Ehikhamenor, mzaliwa wa jimbo hilohilo, hakuwasahau: vichwa vidogo vya shaba kutoka Igun huonekana katika kazi zake kubwa, vikiwa pamoja na vioo na michoro inayotokana na kuta za mahali pa ibada kijijini kwao. Alikuwa mmoja wa wasanii watatu, pamoja na Peju Alatise na mcheza dansi Qudus Onikeku, walioiwakilisha Nigeria katika banda lake la kwanza kule Venice mwaka 2017.

Husemwa kwamba ngoma za Wayoruba zinazungumza. Je, ni kweli?

Ni kweli, na sababu yake iko katika lugha. Kiyoruba kina vidatu vitatu vya sauti, cha juu, cha kati na cha chini, na kidatu hubadili maana ya neno. Herufi zilezile zikitamkwa kwa vidatu tofauti huwa mume, jembe, mkuki au chombo cha usafiri. Kiswahili hakina jambo hilo, ingawa msomaji anayejua Kihaya au Kigikuyu atalielewa mara moja. Dundun ni ngoma yenye kiuno chembamba na nyuso mbili za ngozi zilizounganishwa kwa kamba. Mpigaji huiweka kwapani, huzibana kamba kwa mkono ili kupandisha sauti, na huipiga kwa mkwiro uliopinda. Kwa njia hiyo hufuata kupanda na kushuka kwa maneno.

Ngoma haitamki konsonanti, kwa hiyo mpigaji hutegemea methali na oriki, yaani majina na beti za sifa ambazo kila ukoo unazo na ambazo wasikilizaji wanazifahamu. Anayetaka kupiga vizuri inampasa kwanza awe hazina ya maneno. Ujuzi huo umekaa katika koo ambazo majina ya watoto wake huanza na Ayan, kwa kumtukuza Ayan, roho ya ngoma. Mtoto huanza na ngoma ndogo ya kuitikia, na baada ya miaka mingi ndipo huaminiwa iya ilu, ngoma mama, inayoongoza na kusema. Katika sherehe za Lagos leo mpiga dundun humkabili mgeni mlangoni, humpigia oriki ya kwao, na mgeni humtunza fedha. Prodyuza anayenasa sauti ya dundun na kuiweka katika wimbo wake bila kujua inasema nini anaweza kuwa ameweka sifa za ukoo wa mtu asiyemjua.

Juju, apala na fuji ni muziki wa jadi au wa kisasa?

Ni muziki wa mjini wa karne ya 20 uliojengwa kwa vifaa vya jadi, na kila mmoja una njia yake. Juju ulianzia Lagos katika miaka ya 1930, ukihusishwa na mwimbaji Tunde King na gitaa lake. Ngoma isemayo iliingia mwishoni mwa miaka ya 1940, vipaza sauti vilipowezesha gitaa kusikika juu ya ngoma, na tangu hapo ndipo muziki huo ulipopata ukubwa wake. I. K. Dairo aliongeza kodiani, na King Sunny Adé akaufikisha katika majukwaa ya dunia miaka ya 1980 akiwa na safu ya wapiga ngoma ambao hawakupunguzwa hata pale alipoongeza magitaa ya umeme.

Apala ya Haruna Ishola haikuhitaji gitaa kabisa. Ilitosheka na ngoma, kibuyu chenye shanga na agidigbo, sanduku kubwa lenye vibati vya kupigwa kwa vidole, ndugu wa ilimba ya Wagogo.

Fuji ina chimbuko litakalomgusa msomaji wa pwani yetu. Katika miji ya Wayoruba Waislamu, vijana walipita mitaani usiku wa Ramadhani wakiimba na kupiga ngoma ili kuwaamsha watu wale daku, desturi inayojulikana Zanzibar na Mombasa pia. Muziki huo wa usiku uliitwa were, na vikundi vilishindana. Sikiru Ayinde Barrister (1948–2010), aliyeanza were utotoni, aliutoa nje ya mwezi wa mfungo, akaujaza ngoma za aina nyingi na kuupa jina la mlima wa Japani aliouona kwenye bango uwanja wa ndege. Sauti ya kuimba ya fuji, yenye kuviringika kooni, imebeba usomaji wa Kurani na oriki kwa pamoja.

Fela Kuti alichukua nini kutoka kwa mababu?

Alichukua zaidi ya inavyosemwa kwa kawaida, na kwa njia ndefu zaidi. Babu yake, mchungaji J. J. Ransome-Kuti, alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa kwa Kiyoruba, na mwaka 1922 alirekodi santuri zake jijini London. Tatizo la tenzi za wamisionari lilikuwa kwamba tyuni za Kiingereza zilivuruga vidatu vya maneno ya Kiyoruba, hata maana ikapotea. Mchungaji huyo aliimba kwa tyuni zilizofuata mwendo wa lugha. Kwa hiyo swali la namna ya kuupatanisha muziki wa kigeni na masikio ya nyumbani lilikuwa limeshaulizwa katika familia ile miaka mingi kabla Fela hajazaliwa mwaka 1938.

Fela alisomea muziki London, akapiga hailaifu, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, na jazi, na baada ya safari yake ya Marekani mwaka 1969, alikokutana na fikra za ukombozi wa watu weusi, akaukamilisha mtindo wa Afrobeat. Mpiga ngoma wake Tony Allen (1940–2020) alipiga kwa mikono na miguu miwili kana kwamba kila kiungo ni mtu katika kundi la ngoma za jadi. Kuimba na kuitikia, methali, kejeli ya hadharani dhidi ya mkubwa aliyekosea, na wimbo mmoja kuendelea hata nusu saa, vyote vina mizizi katika sherehe za Wayoruba. Aliimba sana kwa Pijini ili aeleweke nje ya kabila lake. Alikataa kushiriki FESTAC, akiiona kuwa fahari ya watawala wa kijeshi, na mwezi huohuo tamasha lilipomalizika, Februari 1977, wanajeshi waliivamia na kuichoma nyumba yake. Mama yake, Funmilayo, aliyewahi kuongoza maandamano ya wanawake wa Abeokuta dhidi ya kodi, alijeruhiwa katika uvamizi huo na kufariki mwaka 1978.

Nyimbo za vijana wa leo zina urithi wowote, au ni densi tu?

Unatofautiana kati ya msanii na msanii, na si haki kuwahukumu wote kwa wimbo mmoja wa klabu. Burna Boy ni mjukuu wa Benson Idonije, aliyekuwa meneja wa kwanza wa Fela, na amechukua vipande vya Fela waziwazi. Asake, aliyesomea sanaa za maonyesho Ife, ameuchukua uimbaji wa fuji pamoja na waitikiaji wake wengi na kuuweka juu ya midundo ya amapiano kutoka Afrika Kusini. Flavour na ndugu wawili wa The Cavemen wameirudia hailaifu ya Waigbo na ogene, kengele ya chuma ambayo mlio wake huongoza ngoma za mashariki. Kabla yao wote, tangu miaka ya 1990, Lágbájá alipanda jukwaani akiwa amefunikwa uso kwa kitambaa, akiazima utaratibu wa egungun, mizimu ya mababu waliovaa vinyago, ili asimame kwa niaba ya mtu yeyote asiye na jina, huku safu ya ngoma za Kiyoruba ziitwazo bata na dundun ikiwa nyuma yake.

Zipo pia nyimbo ambamo mila ni vazi la video tu, na mtu mwenye masikio huzitambua.

Kwa nini kaskazini haisikiki sana?

Kwa sababu biashara ya muziki imejikita Lagos, wala si kwa uhaba wa sanaa. Mamman Shata, aliyefariki mwaka 1999, aliimba kwa Kihausa akifuatwa na wapiga kalangu, ngoma ya Wahausa yenye kiuno chembamba, na beti zake bado hukaririwa na watu wa rika zote. Dan Maraya Jos alipiga kuntigi, kinanda kidogo cha uzi mmoja ambacho mwili wake huwa kopo la samaki, akiwasifu madereva na wachukuzi badala ya kuwasifu matajiri. Barmani Choge aliongoza wanawake waliopiga vibuyu vilivyofudikizwa ndani ya maji. Mfinyanzi Ladi Kwali, wa jamii ya Wagbagyi, alijifunza kwa wanawake wa kwao kuinua mtungi kwa mkono bila gurudumu, akaendelea hivyo hata alipojiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, ambayo leo ni Suleja. Mijusi na nge aliowachora kwenye mitungi yake wamefika makumbusho ya mbali, na picha yake imo katika noti ya naira 20. Sherehe ya farasi ya Durbar ya Kano iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2024.

Je, Ukristo na Uislamu haujagongana na urithi huu?

Umegongana, na mgongano unaendelea. Rema, mzaliwa wa Jiji la Benin, alipanda jukwaa la London mwezi Novemba 2023 akiwa na kinyago kilichofuata sura ya Malkia Idia, na mitandaoni wengi wakamshutumu kwa uchawi, ingawa kwa Mwedo ile ni picha ya mama wa historia yao. Shutuma hizo zinasikitisha, kwa sababu zinarudia maneno yaleyale ambayo wavamizi wa 1897 waliyatumia kujihalalisha.

Hata hivyo, historia ya sanaa yenyewe imejaa mapatano. Lamidi Fakeye (1928–2009), Mwislamu wa ukoo wa wachongaji, alifundishwa katika warsha ya mapadri Wakatoliki huko Oye-Ekiti, akachonga milango ya makanisa kwa mkono wa Kiyoruba usio na shaka. Onobrakpeya alichora Njia ya Msalaba kwa kanisa la Mtakatifu Paulo, Ebute Metta, akiwavika wahusika mavazi na sura za nyumbani.

Wenye urithi hunufaika na mafanikio haya?

Hunufaika kwa kiasi kidogo mno. Wanawake wa Abeokuta hutengeneza adire kwa kufunga kitambaa kwa nyuzi au kukichora kwa wanga wa mhogo kabla ya kukichovya katika nili, kazi ya siku nyingi, na sokoni hukutana na nakala zilizochapwa viwandani nje ya nchi na kuuzwa kwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Wafumaji wa Iseyin wanaotengeneza aso oke, kitambaa kinachofumwa kwa mkono, wana bahati zaidi, kwa sababu harusi za Wayoruba bado hudai nguo iliyofumwa. Mwaka 2017 msanii Mwingereza Damien Hirst alionyesha Venice kichwa cha dhahabu kilichofuata kwa wazi kichwa cha Ife, na Ehikhamenor akalalamika hadharani kwamba watazamaji wengi wangekumbuka jina la Hirst na kulisahau la Ife. Sheria ya hakimiliki ya Nigeria ya mwaka 2022 inalinda pia sanaa na simulizi za jadi, lakini ulinzi wa kwenye karatasi hautamfikia mpiga ngoma wa Oyo mpaka studio zimwandikishe kama mtunzi na kumlipa ipasavyo. Kwa maoni yetu hilo ndilo deni kubwa zaidi la kizazi hiki cha wasanii, kwa kuwa wana fedha na sauti ambazo watangulizi wao hawakuwa nazo.

Nikitaka kujifunza zaidi, nianzie wapi?

Kwa muziki, sikiliza kwa mfuatano: apala ya Haruna Ishola, juju ya Sunny Adé, fuji ya Barrister, Afrobeat ya Fela, kisha Asake. Ukianza na wa mwisho hutazisikia tabaka zilizo chini yake. Kwa sanaa, ukifika Lagos tembelea Makumbusho ya Taifa yaliyopo Onikan na kituo cha John Randle cha utamaduni wa Wayoruba kilicho jirani, kisha Jumba la Nike. Jiji la Benin na mtaa wa Igun vinahitaji siku yake, na mafundi hukaribisha wageni katika karakana zao. Tamasha la Osun hufanyika Osogbo mwezi wa Agosti. Ojude Oba ya Ijebu Ode, ambamo koo hupita mbele ya mfalme kwa farasi, ngoma na nguo zilizofumwa kwa ajili ya siku hiyo, huwa siku ya tatu ya Iddi Kubwa, kwa hiyo tarehe yake hubadilika kila mwaka na ni vizuri kuihakikisha kabla ya kukata tikiti.